Naomba ushauri: The Godfather, tuanze na kitabu au filamu?

Wadau, kikundi chetu cha usomaji kinataka kujadili The Godfather ya Mario Puzo (1969) pamoja na filamu ya Francis Ford Coppola (1972). Ninachoomba ni mpangilio. Ugumu uko kwenye ujana wa Vito Corleone, mkuu wa familia ya mafia: kwenye riwaya ni sehemu ya tatu, lakini filamu ya kwanza hainao kabisa, umehamishiwa ya pili ya mwaka 1974. Anayetazama ya kwanza tu atadhani kurasa hizo zilitupwa. Johnny Fontane, yule mwimbaji, naye ana nafasi kubwa kitabuni ila kwenye filamu anapita haraka, na naona walifanya sawa, maana ukurasa mmoja wa muswada wa filamu hukadiriwa kuwa dakika moja, na filamu yenyewe tayari inakaribia saa tatu.

Je, tumalize kitabu ndipo tutazame zote mbili, au kila sehemu ikiisha tutazame kipande kinacholingana nayo? Njia ya pili nina wasiwasi nayo: uso wa Al Pacino, aliyeigiza Michael mwana wa Vito, ukishaingia kichwani, Michael wa Puzo haonekani tena. Mliowahi kuendesha mjadala wa aina hii, mlipangaje?