Mjadala: Mtoto wa Kiaborijini apimwe usemi kwa lugha ya nani?

Wakuu, hili tulijadili kwa utulivu. Kaskazini mwa Australia kuna vijiji vya Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, ambako mtaalamu wa usemi hufika kwa ndege, akapima watoto siku chache, akaondoka. Vipimo vyake vingi vimetungwa kwa watoto wa mijini wanaolelewa kwa Kiingereza. Wapo wanaovitetea: shule inafundisha kwa Kiingereza, basi mtoto apimwe kwa kile kinachomsubiri darasani. Mimi napinga.

Chukueni mtoto wa Kiwarlpiri, moja ya jamii za Waaborijini. Lugha yake ina irabu tatu tu, a, i na u, na haina s wala f. Anaonyeshwa picha ya samaki, anaulizwa kwa Kiingereza, "Hiki nini?" Ananyamaza. Kwao mtu mzima kuuliza kitu anachokiona kwa macho yake ni jambo geni, na kukaa kimya kabla ya kujibu ni adabu. Anaandikiwa sifuri. Akijibu "pish" badala ya "fish", yaani akaweka p mahali pa f, kosa jingine. Pengine anazungumza lugha mbili au tatu, lakini faili litasema ana kasoro ya lugha, na faili hilo litamfuata hadi ukubwani.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, hapa sikuungi mkono. Hiyo kauli ya "ni tofauti ya utamaduni tu" inaweza kumwangamiza mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema usaha sugu wa masikio ukizidi asilimia 4 ya watoto, hilo ni tatizo kubwa linalotaka hatua za haraka. Vipo vijiji huko vilivyopita kiwango hicho mara kadhaa. Nyumba zimesongamana, maambukizi yanaanza mtoto akiwa na miezi michache. Leo anasikia, wiki ijayo maji yamejaa nyuma ya kiwambo cha sikio, hasikii vizuri. Mwalimu akisema "kimya chake ni mila", nani atamtazama sikio?

Mleta mada: Hapo umesema kweli, na nilipaswa kuanza nalo. Kuangalia kiwambo cha sikio hakuhitaji Kiingereza. Kila mtoto aangaliwe tangu uchanga, tena na tena, awe mkimya au msemaji. Ninachokataa ni kuchanganya mambo mawili: sikio bovu litibiwe, lakini lugha ya nyumbani isiandikwe kuwa ugonjwa.

Na utamaduni wenyewe una tiba ndani yake. Wawarlpiri na Wayolngu, jamii nyingine ya Waaborijini, wana lugha za ishara ambazo hata wanaosikia wanazitumia. Wajane wa Kiwarlpiri wakiwa msibani huacha kusema kwa muda mrefu wakaongea kwa mikono. Mtoto asiyesikia akizaliwa hapo, anakuta majirani wengi tayari wanajua ishara. Mtaalamu anayefika na vifaa vya kusaidia kusikia pekee, bila kuuliza habari ya mikono, anaacha hazina mlangoni.

Mchangiaji wa pili: Mnaongea vizuri, ila lugha ni nyingi na wataalamu wachache. Nani atapima kwa kila lugha?

Mleta mada: Watu wapo, ndugu yangu. Wahudumu wa afya wa Kiaborijini wanasajiliwa kitaifa tangu 2012. Wafundishwe usemi na usikivu, walipwe kwa kazi hiyo, wasiitwe wakalimani wa bure. Ila wachaguliwe kwa kuuliza familia, maana kwa mila zao wapo jamaa wasioruhusiwa kuzungumza ana kwa ana, kama mwanamume na mama mkwe wake. Ukimwita yeyote aliye karibu, utapata kimya kingine na utakisoma vibaya.

Mchangiaji wa kwanza: Sawa, nijibu hili moja. Mhudumu wa kijijini aseme "nyumbani huyu anaongea vizuri," na kipimo kiseme ana kasoro. Neno la nani linaingia kwenye faili?

Mleta mada: La mhudumu, mpaka masikio yapimwe na bibi yake mtoto asikilizwe. Anayeona vinginevyo aje na hoja, nipo.