Mitishamba inashusha sukari, sawa. Unajuaje umekunywa kiasi gani?

Mleta mada: Wakuu, kuna wanaosema karela, lile tunda chungu, imewaponya kisukari wakatupa vidonge, na kuna wanaosema mitishamba yote ni utapeli. Mimi naona pande zote zinakosea. Metformini, kidonge cha kisukari, ilitokana na uchunguzi wa mmea uitwao galega, na Jean Sterne ndiye aliyechapisha matokeo yake kwa wagonjwa kule Ufaransa mwaka 1957. Lakini galegini, kemikali ya mmea wenyewe, ilijaribiwa kabla ikaonekana ina sumu. Kwa hiyo jani kushusha sukari si uzushi. Tatizo ni kipimo.

Mchangiaji 1: Mkuu, mimi natumia uwatu mwaka wa pili huu. Asubuhi kabla ya kula sukari nilikuwa nasoma 9 (mmol/L), sasa 6. Vidonge sijaacha. Ila ukimtajia daktari anakukaripia, ndiyo maana watu tunaficha.

Mleta mada: Kuficha ndiko kunakonitisha. Mzee wangu alikuwa anameza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, akaongezea juisi ya karela kimyakimya. Usiku nikamkuta shati limelowa jasho, mikono inatetemeka, anajibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Kupima: 2.9, wakati chini ya 3.9 tu tayari imeshuka mno. Tukamkorogea sukari kwenye maji, akanywa, akazinduka. Unajua alisema nini? "Si mnaona inafanya kazi?"

Mchangiaji 2: Mnaongea kana kwamba kisukari ni kimoja. Wa aina ya kwanza mwili wake hautengenezi insulini, homoni inayoshusha sukari, au hutengeneza kidogo mno. Kabla ya sindano ya kwanza mwaka 1922, wagonjwa hao walikuwa wanakufa, na majani yalikuwepo. Mtoto wa namna hiyo ukimwachisha insulini ili umpe mzizi, ndani ya siku chache damu inajaa asidi. Hapo hakuna mjadala.

Mleta mada: Naunga mkono. Na wewe wa uwatu, hiyo 6 ni ya kidole? HbA1c, ile inayoonyesha wastani wa miezi kama mitatu, umepima? Na chakula hukubadilisha?

Mchangiaji 1: Ya kidole tu. Na kusema kweli, mwezi nilioanza uwatu ndio niliacha soda.