Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: tumsaidie vipi wiki ya mapokezi ikiisha?

Mlezi_Ngara:
Ndugu wanajamvi, habari zenu. Idara yetu, katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi, imetuomba sisi wa mwaka wa tatu tuwalee wanafunzi wapya, na wengi wao wanatoka shule za bweni za mbali, kuanzia Turkana hadi Kwale, bila jamaa hata mmoja mjini. Mapokezi hayanipi shida, kwa kuwa kumwonyesha mtu maktaba, zahanati na ofisi ya karo ni kazi ya asubuhi moja. Kinachonikosesha utulivu ni kwamba wageni wa mwaka jana walichangamka wiki ya kwanza, kisha kufikia katikati ya muhula baadhi yao wakaanza kukosekana darasani, na wengine hawakufanya mtihani kabisa. Naomba wenye uzoefu mniambie msaada unaofaa ni upi, na utolewe lini.

Mwalimu_Mstaafu:
Mwanangu, nimefundisha mwaka wa kwanza kwa muda mrefu, na kwa maoni yangu wiki ya mapokezi si wakati wa kumaliza nguvu zenu, kwani siku hizo kila mtu yuko tayari kumsaidia mgeni. Watafuteni kuanzia wiki ya nne, majaribio ya darasani yanapokaribia, kwa maana kijana aliyeamshwa na kengele na kufuatwa na mwalimu wa zamu kwa miaka minne sasa hana wa kumuuliza aliko. Katika vyuo vyetu vingi majaribio na kazi za muhula hubeba alama 30 kati ya 100, na mtihani wa mwisho 70. Anayeyapuuza akidhani ni mazoezi tu huingia mtihanini akiwa tayari ameachwa nyuma.

Jambo la pili ni la kiofisi, nalo limewaliza wengi: alama zinazopotea. Mfundisheni tangu mwanzo kusajili masomo yake kwenye mfumo wa chuo kila muhula, kutia sahihi karatasi ya mahudhurio kila anapofanya mtihani, na kutunza kila jaribio lililosahihishwa. Anayegundua pengo hilo katika matokeo yake mwaka wa nne, wenzake wakipima majoho, humtafuta mhadhiri ambaye pengine amekwisha kuhamia chuo kingine, na bila karatasi hana cha kumwonyesha.

Mama_Wendani:
Naongeza la fedha, maana ninapangisha vyumba kwa wanafunzi huku Kahawa Wendani. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali inayokopesha wanafunzi wa elimu ya juu, una sehemu mbili: ya karo huenda chuoni, na ya matumizi humfikia mwanafunzi mwenyewe, mara nyingi masomo yakiwa yameshika kasi. Kijana ambaye hajawahi kushika zaidi ya nauli anapoipata kwa mkupuo huiona nyingi. Simu mpya inanunuliwa, kamari ya mitandaoni inajaribiwa, na muhula haujafika nusu anaanza kunikwepa ngazini. Mwambieni alipe kodi ya muhula mzima siku hiyo hiyo, anunue unga, mchele, mafuta na gesi, ndipo ahesabu kilichobaki. Na mwanangu, ukiona mtu hafiki darasani, uliza kwanza kama amekula.

Msomi_wa_Lodwar:
Wazee wangu wamesema kweli, nami nilikuwa mgeni wa aina hiyo juzi tu. Aliyenifaa hakuniuliza kama niko sawa, swali ambalo kila mgeni hulijibu kwa ndiyo, bali alinipitia kila Jumatano jioni twende maktaba, na tukitoka tunakunywa chai. Jumatano niliyokataa kufungua mlango alijua kuna jambo, akanipeleka kwa mshauri nasaha wa chuo, ambaye hatozi ada na ambaye sikujua hata ofisi yake iko wapi.

Mlezi_Ngara:
Ahsanteni sana. Tutapanga siku moja ya wiki isiyobadilika, na mikutano ianze wiki ya nne. Je, mgeni akikataa kutembelewa?

Mwalimu_Mstaafu:
Msimlazimishe. Mwombeni anayeishi naye chumba kimoja awajulishe akiona mwenzake hapati usingizi au hali chakula, na akikosa darasa wiki mbili mfululizo, nendeni wenyewe kwa mkuu wa wanafunzi. Msisubiri orodha ya mitihani itoke.