Eksirei za nyota pacha HESS J0632+057

Swali: Ndugu wanafalaki, ikiwa darubini za H.E.S.S. nchini Namibia zilikwisha kuona miale ya gama (mnururisho wenye nishati kubwa kuliko eksirei) ya chanzo hiki, HESS J0632+057, kwa nini watafiti walihangaika kutafuta eksirei zake?

Jibu: Kwa sababu darubini za gama hazibainishi mahali kwa usahihi wa kutosha, ilhali setilaiti ya XMM-Newton ilikuta nukta ya eksirei palepale ilipo nyota kubwa MWC 148.

Jibu: Naongeza kwamba mwaka 2011 vipimo vya setilaiti ya Swift, vilivyokusanywa kwa uvumilivu wa miaka kadhaa, vilionyesha eksirei hizo zikipanda na kushuka kila baada ya siku 320 hivi, yaani muda ambao nyota hiyo na mwenzake huzungukana mara moja; kwangu mimi, huo ndio ushahidi mzito kuliko wote kwamba chanzo hiki ni nyota pacha.