Kipimo cha mate kwa saratani ya damu: kinafaa kituo kidogo? Naomba ushauri

FundiMaabara_Mbagala
Wakuu, habari za kazi.

Kuna msambazaji anazungusha vichupa vya kukusanyia mate kwenye vituo vya huku Temeke. Maelezo yake: mgonjwa anatema, sampuli inapelekwa nje ya nchi, jibu linarudi kama ana saratani ya damu au hana. Mganga mfawidhi anataka maabara itoe maoni. Tuna mashine ya FBP (kipimo cha picha nzima ya damu) inayogawa chembe nyeupe makundi matatu tu, darubini na rangi ya Giemsa, basi.

Naomba kujua mate yanaonyesha nini hasa, yanakusanywaje yasiharibike, na kwa mtoto mwenye homa isiyoisha tuanze na mate au tuendelee na damu?

Kinasaba_Upanga
Kwenye mate kinachotafutwa ni chembe nyeupe za damu zinazopenya kwenye fizi na kuingia kinywani. Humo zinachanganyika na seli za ngozi ya ndani ya shavu, na uwiano wake haufanani kwa watu wawili. Mwenye fizi zilizovimba ana chembe nyeupe nyingi, mwingine ana kidogo sana. Ndiyo maana mabadiliko ya kinasaba ya ugonjwa yanaweza kuonekana kwenye mate, lakini asilimia yake usiisome kama ungesoma ya damu.

Yanafaa pale unapojua unatafuta nini. Mfano ni JAK2 V617F, badiliko la kinasaba lililoelezwa mwaka 2005, ambalo liko kwa takribani asilimia 95 ya wenye polisithemia vera (saratani ya damu inayozidisha chembe nyekundu). Ni badiliko la herufi moja tu ya DNA, na DNA inavumilia safari. BCR-ABL, kinasaba kilichounganika cha lukemia (saratani ya chembe nyeupe) sugu ya mailoidi, ni habari nyingine. Kipimo chake cha kawaida kinasoma RNA, nakala ya DNA isiyodumu, na kinywa kimejaa vimeng'enya vinavyoikata RNA vipande vipande. Hiyo chukua damu.

Kwa hiyo "ana saratani ya damu au hana" kwa kutema mate ni maneno ya sokoni. Muulize anapima kinasaba kipi. Akishindwa kukitaja, mazungumzo yameisha.

FundiMaabara_Mbagala
Asante mkuu. Na ukusanyaji?

Kinasaba_Upanga
Mgonjwa asile, asinywe, asivute sigara wala kutafuna bazoka kwa dakika 30 kabla. Ateme polepole mpaka mstari wa kichupa, mara nyingi mililita 2. Povu halihesabiwi, na hapo ndipo wengi wanaharibu: kichupa kinaonekana kimejaa kumbe nusu ni povu. Makohozi hayatakiwi. Mate yakigoma, asugue mashavu kwa nje. Dawa ya kuhifadhia isimwagwe wala kuguswa na mdomo. Ukishafunga kifuniko na dawa ikashuka, geuza kichupa juu chini mpaka vichanganyike vizuri.

Bila dawa hiyo, kwa joto la Dar, bakteria wanaendelea kuzaliana humo humo. Tena maabara ikipima kiasi cha DNA kwa mwanga peke yake itaona namba nzuri, kumbe sehemu kubwa ni ya bakteria. Waulize kama wanapima DNA ya binadamu pekee.

Mgonjwa anayetoka damu kwenye fizi au mwenye vidonda mdomoni usimsugue na kijiti cha pamba. Chembe sahani (zinazogandisha damu) zikiwa chini, utaanzisha damu isiyokatika.

Slaidi_Nyembamba
Mimi nijibu la mtoto. Achana na mate, anza na FBP na slaidi, leo hii hii.

Mashine ya makundi matatu haizijui blasti, yaani chembe changa za lukemia. Inazitupa kwenye limfosaiti (aina moja ya chembe nyeupe) au kwenye lile kundi la kati. Mtoto ana chembe nyeupe elfu 60 kwa kila mikrolita, karatasi imeandika limfosaiti asilimia 90, mtu anaandika "maambukizi ya virusi" na dawa ya homa inatoka. Na zisiwapumbaze chembe nyeupe zikiwa chini, lukemia huja hivyo pia. Mkiona damu imepungua na chembe sahani zimepungua kwa pamoja, tengenezeni slaidi hata kama daktari hajaiomba.

Damu iwe kwenye kichupa cha zambarau chenye EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), kijae mpaka alama, kigeuzwe taratibu mara 8 hadi 10. Kikiganda hata kidogo, chembe sahani zitasomeka chini kwa uongo. Slaidi itengenezwe ndani ya saa chache, maana chembe zikikaa kwenye EDTA zinavimba na viini vinabadilika sura. Ikauke kabisa, methanoli dakika 2 hadi 3, Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15. Slaidi nene ya malaria haisaidii hapa. Someni sehemu ambayo chembe nyekundu hazijapandana, kisha piteni kingo na mkia, kwa sababu blasti ni kubwa na huburutwa huko.

Mkiona chembe kubwa, kiini kimejaa karibu chote, rangi laini, vijiduara ndani yake, msiandike "lukemia". Andikeni "chembe zinazotiliwa shaka kuwa blasti", pigeni simu, na slaidi isafiri na mgonjwa. Rufaa ya mtoto iende Muhimbili, kwenye huduma ya saratani ya watoto. Jibu la mwisho litatoka kwenye uloto (ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu) na vipimo vya alama za chembe.

Mfamasia_Kigamboni
Naongezea moja ambayo haihusu maabara ila inaharibu kazi ya maabara: dawa za steroidi kama deksamethasoni na predinisoloni. Mtoto ana matezi, ana homa, ameshatibiwa malaria na taifodi mara kadhaa, mtu anamchoma deksa "apate nafuu". Nafuu anaipata kweli, kwa sababu steroidi zinaua chembe za lukemia ya limfu na za limfoma (saratani ya matezi). Akifika kuchukuliwa uloto, picha imeshavurugika. Kwenye barua ya rufaa andikeni kila dawa aliyopewa na tarehe yake. Chembe sahani zikiwa chini, diklofenaki na sindano za msulini ziachwe.

Mdau_Tandale
Nimeona mahali wanasema virusi vya EBV (Epstein-Barr) kwenye mate vinaonyesha limfoma ya Burkitt, ile inayovimbisha taya za watoto. Ni kweli?

Kinasaba_Upanga
Hapana. Watoto wetu wengi hupata EBV wakiwa wadogo sana na huendelea kuvitoa kwenye mate wakiwa wazima kabisa. Jibu chanya la mate halikuambii kitu. Utafiti uliofanyika Tanzania na Uganda kutafuta limfoma hizo bila kukata kipande cha uvimbe umeegemea DNA iliyo kwenye damu. Taya likivimba haraka, mtoto akatolewe kipande cha uvimbe cha kupimwa bila kuchelewa, uvimbe wa Burkitt hukua kwa siku.

FundiMaabara_Mbagala
La mwisho. Ndugu wa mgonjwa wanaotaka kuchangia uloto, mate yao yanafaa?

Kinasaba_Upanga
Hapo ndipo pamba ya shavuni inafaa sana. Mchangiaji ni mzima, unatafuta HLA yake tu, yaani alama za chembe zinazoonyesha kama analingana na mgonjwa. Sugua kila shavu sekunde 30 hadi 60, acha kijiti kikauke kwenye hewa, weka kwenye bahasha ya karatasi na si mfuko wa nailoni, maana unyevu huotesha ukungu. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi ya asilimia 25 kulingana kikamilifu.

Na huyo msambazaji, adai amesajiliwa au asidai, mwombeni usajili wa TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) wa kifaa chenyewe. Sampuli za vinasaba vya binadamu zina sheria yake ya mwaka 2009 na msimamizi ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Kituo kisitume kichupa hata kimoja nje ya nchi kabla ya kibali cha maandishi.