Naomba ushauri: pampu ya petroli kwa Forester niliyoiongeza tabo

Wakuu, habari zenu. Nina Subaru Forester ya 2004, injini EJ205. Mwezi uliopita niliweka tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) aina ya VF39 na injekta (vipulizia petroli) za 550 cc kwa dakika, ila pampu ya petroli ndani ya tenki nikaiacha ileile ya zamani.

Busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na tabo, sasa ni bar 1.2. Mpira wa vakyumu wa regyuleta (kidhibiti presha ya mafuta, kinachorudisha ya ziada kwenye tenki) ukichomolewa, presha ya mafuta ni bar 3; regyuleta huongeza presha hiyo sawa na busti, kwa hiyo kwenye busti kamili ilipaswa kufika 4.2. Juzi napanda mlima na gia ya tatu, geji niliyoibandika nje ya kioo cha mbele ikagota 3.6, mshale ukaanza kutetemeka, gari likakohoa. Tangu siku hiyo naendesha taratibu tu. Petroli ikipungua kwenye busti pistoni zinaungua, na injini hii naipenda sana.

Filta nimebadilisha. Umeme kwenye pampu nimepima, volti 13.4, uko sawa.

Je, pampu ya Walbro ya lita 255 kwa saa inatosha, au nichukue ya lita 340? Na nikiweka hiyo kubwa, regyuleta ya kiwandani itamudu kurudisha mafuta gari likiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), au presha itapanda?