Kumvua binti jaketi okozi akiwa ndani ya mtumbwi ili WEWE upige picha nchi kavu?!

Kasia_la_Mkoko:
Wakuu, ndiyo nimefika nyumbani sasa hivi, tope la mto Msimbazi halijakauka miguuni na mikono bado inanitetemeka. Ni yule yule. Nyote mnaojitolea kusafisha mto mnamjua, wala sitaji jina: yule ambaye marashi yake yanafika dakika kumi kabla ya gari.

Leo tumeingia majini saa 12 asubuhi, kule chini mto unakokutana na bahari, daraja la Salender. Saa 1 maji yamejaa kabisa, mtumbwi unapita juu ya mizizi ya michu, ile mikoko, kama unateleza. Tumetoa chupa, kandambili, na ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku tangu 1 Juni 2019 na bado imejiviringisha kwenye mizizi kama bandeji. Ukiivuta kwa nguvu unang'oa na mzizi, na michu inapumulia hiyo hiyo mizizi. Inabidi uinamie, ufungue kwa vidole. Ndiyo kazi tuliyofanya kwa muda wa saa mbili na nusu.

Saa 3 na nusu ndipo anatokea. Maji yanakupwa, mkondo unavuta kuelekea baharini kama unatudai. Sisi tumeshafunga kamba kwenye mkoko, tunashusha viroba. Binti mwenzetu yuko omo, mbele ya mtumbwi, kasia mapajani. Mheshimiwa anasimama ukingoni, viatu vinang'aa, anasema: "Lete hilo hapa, binti, mimi sina." Mpambe wake anainama, anafungua vifungo vya jaketi okozi la binti, anamvua. ANAMVUA! Mtoto wa watu haogelei!

Halafu, wakuu, sikilizeni hapa: anaagiza kamba ifunguliwe, mtumbwi usukumwe nyuma kidogo "ili nao waonekane." Yeye kasimama kwenye udongo mkavu, kavaa jaketi okozi, kaminya tumbo. Nyuma yake binti yuko majini bila jaketi. Angepigwa picha akiwa amevaa jaketi hilo kitandani kwake, hatari ingekuwa ile ile kwake!

Na jaketi ameondoka nalo. Tulikuwa nayo 5, za kuchangishana. Sasa 4.

Ngoja_Waje:
Ngoja waje.

popo_wa_upanga:
Uzi bila picha hauna mashiko.

Kasia_la_Mkoko:
Picha anazo YEYE! Ndicho kilichomleta!

mzee_wa_hoja:
Mleta mada unalia tu. Wewe ulikuwa wapi? Si ungevua lako ukampa binti? Mwanaume mzima umekaa unatazama.

Kasia_la_Mkoko:
Nilikuwa tezi, nyuma kabisa ya mtumbwi, mkuu. Katikati viroba 9. Ukisimama kwenye mtumbwi uliojaa hivyo unapinduka na wote mnaingia. Nilitambaa kwa magoti juu ya viroba, huku nafungua langu. Nilipomfikia tulikuwa tumeshasogea, na yule bwana anasema "tabasamuni." Kamba ilikuwa IMEFUNGULIWA!

dada_wa_bonde:
Nilikuwepo, anasema kweli. Binti alishika ukingo wa mtumbwi mpaka vidole vikawa vyeupe. Ila na mimi nina langu: fulana. Tuliookota taka tangu alfajiri hatukupata hata moja, waliokuja na gari la mheshimiwa wamepewa mbili mbili. Na pilau liliishia kwao.

gambuti_namba9:
Nyie mnaongelea pilau? Mmeingia na kandambili kwenye maji yale? 2022 kule Lindi hamkusikia homa ya mgunda? Ule ni mkojo wa panya kwenye maji na tope, unaingilia kwenye kidonda. Mvua ikinyesha Pugu, uchafu wote wa njiani unashuka kwenu. Mnataka jaketi, gambuti hamna!

popo_wa_upanga:
Tena hapo umenena.

abiria_mchovu:
Afadhali nyie jaketi mmeliona hata likivuliwa. Kivuko ninachopanda kila siku jaketi zimefungwa kamba juu darini, fundo la mwaka juzi. Tukizama itabidi tutafute kwanza kisu.

mzee_wa_hoja:
Na helmeti ya abiria ya bodaboda je? Jana nimepewa moja haina mkanda, inanuka vichwa vya mkoa mzima. Dereva anasema "ishikilie tu kwa mkono mama yangu." Mimi ni baba wa watoto wanne!

dada_wa_bonde:
Hahaha, mama yangu!

Kasia_la_Mkoko:
Wakuu, naomba tusitoke kwenye mada. Alimvua akiwa ndani ya mtumbwi. Maji yanakupwa. Haogelei. Nataka jaketi lirudi kabla ya Jumamosi, maana tukibaki na 4 mtu mmoja habebwi, na najua watakayemwacha ni huyo huyo binti.

mnyama_mkali:
Samahani, huo mto si ndio ukifurika unaingia Jangwani kwa vyura wa Yanga?

wananchi_daima:
Chura mwenyewe. Hesabu makombe kwanza, ndio uje kuongelea maji.

mnyama_mkali:
Makombe mnayaosha na maji ya Msimbazi, ndiyo maana yananuka.

gambuti_namba9:
Wasimamizi, huu uzi uhamishiwe jukwaa la michezo.

Kasia_la_Mkoko:
Jaketi ni la rangi ya chungwa, bega la kushoto limeshonwa kwa uzi mweusi. Mwenye kuliona aniambie.

wananchi_daima:
Mleta mada, tumekuelewa. Wewe Simba au Yanga?